Itifaki za Seva za Mafaili na Rauta: Kutafuta Chanzo cha Kutopatana, kwa Mfano wa Ofisi za Dodoma

1.0 Utangulizi

Katika ofisi nyingi za Dodoma neno moja hutumika kueleza karibu kila hitilafu ya kompyuta, nalo ni mtandao. Karani akisema "mtandao hakuna", mteja hurudi nyumbani. Mhasibu akisema "mtandao unasumbua", malipo husubiri kesho. Mtafiti anayeshindwa kufungua faili lililohifadhiwa katika seva ya ofisi yake naye husema vivyo hivyo, ingawa wakati huohuo kompyuta yake inasoma magazeti ya Dar es Salaam bila taabu yoyote. Ni dhahiri kuwa mtandao upo. Kisichopatikana ni kitu kingine ambacho bado hakijapewa jina.

Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya hitilafu zinazofichwa na neno hilo, yaani kutopatana kwa itifaki pale ambapo mafaili hutoka katika seva na kupitia rauta kabla ya kumfikia mtumiaji. Msomaji tunayemkusudia si fundi. Ni mwalimu, mtafiti au mkuu wa idara ambaye siku moja ataambiwa na fundi kuwa seva imekufa, na ambaye hana budi kujua maswali ya kuuliza kabla ya kukubali maneno hayo. Kwa idara za lugha jambo hili si dogo. Rekodi za sauti, maandishi ya nyanjani na rasimu za kamusi ambazo zamani zilikaa katika kanda na kadi, sasa zimo katika seva. Na Uwanda wa Kati, ambako lugha za Kibantu kama Kigogo na Kirangi zinapakana na za Kikushi kama Kiburunge, na za Kinilo, na Kisandawe chenye sauti zake za vidoko, una hazina ya sauti ambayo haiwezi kukusanywa mara ya pili wasemaji wakiisha kufariki.

Dodoma ina sababu nyingine ya kuchaguliwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini uhamaji mkubwa wa wizara ulianza baada ya mwaka 2016. Wizara kadhaa zilianzia kazi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kabla ya Mji wa Serikali wa Mtumba kuzinduliwa Aprili 2019. Ofisi inapohama, seva ya zamani hupakiwa katika lori pamoja na meza na makabati, kisha huunganishwa na rauta mpya katika jengo jipya. Vifaa vya vizazi viwili hukutana bila kujuana, na hapo ndipo maneno ya "mtandao hakuna" huanza.

2.0 Neno itifaki

Neno itifaki limetokana na Kiarabu, na maana yake ya awali ni mapatano. Katika matumizi ya serikali limekuja kumaanisha utaratibu wa heshima na vyeo, na hakuna mkutano wa hadhara ambapo msemaji hatasema "itifaki imezingatiwa" ili kuepuka kuwataja wageni wote mmoja mmoja. Wataalamu wa kompyuta wamelichukua neno lilelile kumaanisha mapatano baina ya mashine mbili kuhusu nani aanze kusema, aseme kwa mpangilio gani, na ajibiwe vipi. Maana hizi mbili hazipingani. Tofauti ni kwamba mashine haina ruhusa ya kusema itifaki imezingatiwa na kuendelea. Hatua zote hutimizwa moja baada ya nyingine, kila mara, na hatua moja ikikosekana mazungumzo hukoma.

Kuhusu kifaa chenyewe, istilahi kipanga njia imekwisha kupendekezwa na inaonekana katika baadhi ya programu zilizotafsiriwa. Ni istilahi nzuri. Hata hivyo mafundi wa Dodoma husema rauta, na kwa kuwa makala haya yanahusu mazungumzo baina ya mtumiaji na fundi, tutatumia rauta.

3.0 Masijala na tarishi

Watu husema kuwa "seva hii haipatani na rauta hii". Kauli hiyo aghalabu si sahihi, na kosa hilo ndilo hupoteza siku nyingi za kazi.

Tuichukue ofisi ya serikali ya zamani. Seva ya mafaili ni masijala: majalada yamo humo, na karani wake ndiye anayejua nani anaruhusiwa kuona jalada lipi. Kompyuta ya mtumiaji ni ofisa anayeomba jalada. Rauta ni tarishi. Tarishi huchukua bahasha, husoma anwani iliyo juu, huamua ipite mlango upi, kisha huikabidhi. Hafungui bahasha, wala hajui kama ndani yake mna maombi ya likizo au siri za Baraza la Mawaziri. Lugha iliyomo ndani ni mapatano ya ofisa na karani wa masijala, tarishi hahusiki.

Rauta kwa kawaida hushughulika na itifaki ya bahasha, iitwayo IP. Mazungumzo juu ya mafaili hufuata itifaki nyingine. Katika ofisi zinazotumia Windows itifaki hiyo huitwa SMB, na katika seva za Unix na Linux mara nyingi huitwa NFS, iliyoletwa na kampuni ya Sun mwaka 1984. Seva na rauta hazina mapatano yoyote kati yao kuhusu mafaili. Kwa hiyo mtu anaposema hazipatani, swali la kwanza liwe: je, tatizo liko katika bahasha, au katika barua iliyo ndani?

Hata hivyo tarishi anaweza kuingilia kati kwa njia chache, na yafaa zijulikane. Anaweza kuamriwa asipitishe bahasha zinazokwenda mlango fulani. Mafundi huita milango hiyo poti, na poti ya SMB ni namba 445. Anaweza kukataa bahasha iliyo kubwa kupita kiasi. Anaweza kuzuia matangazo ya kuita majina yasivuke kutoka chumba kimoja hadi kingine. Anaweza pia kugawa anwani ovyo, hasa pale mfanyakazi mwenye nia njema anapoleta rauta ndogo kutoka nyumbani na kuichomeka katika swichi ya ofisi, ikaanza kuwapa wenzake anwani zisizoelewana na za seva. Hatimaye zipo rauta zenye tundu la kuchomekea diski, ambapo tarishi mwenyewe amegeuka kuwa masijala ndogo. Hapo tu ndipo usemi wa rauta na itifaki ya mafaili huwa na maana kamili, na nyingi za rauta hizo zilitengenezwa zikijua lugha ya zamani tu.

4.0 Lugha za zamani na mpya

Tatizo hili si geni. Mwaka 1993 kampuni ya Novell ilipotoa toleo la 3.12 la mfumo wake wa NetWare, ilibadili aina ya fremu iliyokuwa ikitumika kama kawaida katika waya. Kompyuta ya zamani na seva mpya ziliweza kukaa katika waya mmoja bila kuonana kabisa, kwa sababu kila moja iliufunga mzigo wake kwa namna isiyotambuliwa na mwenzake. Katika miaka hiyohiyo ofisi nyingi zilitumia NetBEUI, itifaki nyepesi iliyofanya kazi vizuri sana ndani ya chumba kimoja, ikafa mara tu rauta ilipowekwa kati ya vyumba viwili, maana bahasha zake hazikuwa na anwani ambayo tarishi angeweza kuisoma.

SMB imepitia vizazi vitatu. Toleo la kwanza, SMB1, lilikuwa na maneno mengi: kompyuta iliuliza jambo dogo, ikangoja jibu, ikauliza jingine. Ndani ya jengo moja hakuna aliyeona kasoro. Lakini kabla ya kebo ya SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya mbali ya Afrika Mashariki yalitegemea satelaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na swali na jibu kwa njia hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Kama kufungua folda moja kunahitaji maswali 200, mtumiaji husubiri sekunde 100. Maswali hayohayo 200 yakipita katika waya wa nuru kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 450, safari ya nuru yenyewe haizidi sekunde moja. Mwanzoni watu waliilaumu seva, kisha wakaisifu rauta mpya. Lakini kilichobadilika ni umbali.

SMB2 ilikuja pamoja na Windows Vista, ikapunguza maswali. SMB3 ilikuja mwaka 2012, ikaongeza usimbaji wa siri. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia kasoro ya SMB1, kasoro ambayo Microsoft ilikwisha kutoa kiraka chake Machi mwaka huo. Kuanzia Oktoba 2017, Windows 10 iliyosakinishwa upya haikuwekewa tena SMB1 kama kawaida. Samba, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Tridgell na ambayo inaendesha seva ndogo nyingi, nayo iliacha kuikubali lugha hiyo kama kawaida katika toleo la 4.11 la mwaka 2019. Mwaka 2024 Windows 11 toleo la 24H2 ilianza kudai kila ujumbe wa SMB uwe na sahihi, na katika toleo lake la Pro ikakataa kuingia kama mgeni asiye na nywila. Kwa maneno mengine, seva iliyokuwa haina kosa lolote Jumatatu inaweza kukataliwa Jumanne bila mtu kuigusa, kwa kuwa upande wa pili umebadili masharti.

5.0 Kisa cha sauti za wazee

Mwaka 2018 mwandishi aliitwa katika ofisi moja ya watafiti mjini Dodoma. Seva yao ilikuwa katika jengo moja, na waandikaji wa sauti walikuwa katika jengo jingine upande wa pili wa mji. Ndani ya wiki moja ofisi ilikuwa imefanya mambo mawili: ilibadili rauta za majengo yote mawili, na kununua kompyuta mpya kadhaa. Baada ya hapo mafaili hayakupatikana. Kompyuta za zamani katika jengo la mbali zilionyesha orodha ya mafaili yote, lakini kila faili la sauti lililobofywa lilikwama bila kutoa hata neno la kwanza. Kompyuta mpya hazikuonyesha hata orodha.

Fundi aliyetangulia hakuwa mjinga, na hatua zake zafaa kufuatwa kwa makini. Alituma amri ya ping kwenda kwenye seva, na seva ikajibu. Akahitimisha kuwa rauta ni nzima. Kisha, akijua habari za SMB1, aliiwasha lugha hiyo katika kompyuta moja mpya iliyokuwa jengo la mbali. Orodha ikaonekana, lakini faili la sauti likakwama kama katika kompyuta za zamani. Akasema basi kosa si la lugha. Rauta nzima, lugha si kosa, kilichobaki ni diski za seva. Akashauri zifutwe na kupangwa upya.

Ndani ya diski hizo mlikuwa na mazungumzo ya wazee, mengine ya Kigogo na mengine ya Kisandawe, na baadhi yake hayakuwa na nakala popote. Mzee mmoja aliyerekodiwa kwa saa kadhaa alikuwa amekwisha kufariki.

Jambo la kwanza lililofanywa halikuwa la kutafuta kosa hata kidogo. Kompyuta moja ya zamani ilibebwa hadi chumba cha seva na kuunganishwa katika swichi ileile ya seva, bila kupitia rauta. Mafaili yote yakafunguka, sauti zikasikika. Diski zilikuwa nzima. Hapohapo kila kitu kikanakiliwa katika diski mbili za nje, kazi iliyochukua usiku kucha, kwa kuwa saa moja ya sauti ya stirio isiyobanwa ni zaidi ya megabaiti 600. Asubuhi yake kompyuta mpya moja nayo ikaletwa katika chumba kilekile. Ikakataa. Ilikuwa hatua chache kutoka kwenye seva, bila rauta yoyote katikati, na bado ilikataa.

Kumbe zilikuwa hitilafu mbili zilizolaliana. Ya kwanza ilikuwa ya lugha: seva ilijua SMB1 tu, na kompyuta mpya hazikuijua tena. Hitilafu hiyo ilifuata kompyuta mpya popote zilipokwenda. Ya pili ilikuwa ya bahasha, na ilitokea kati ya majengo tu, kwa kompyuta zote. Fundi alipoponya ya kwanza katika jengo la mbali, kompyuta yake iliangukia ya pili, na yeye akadhani dawa haikufaa.

Hitilafu hiyo ya pili inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Katika mtandao wa kawaida wa ofisi pakiti moja haizidi baiti 1,500. Rauta mpya za ofisi ile ziliunganisha majengo kwa njia ya handaki, yaani kila pakiti ilitiwa ndani ya pakiti nyingine ili isisomwe njiani. Bahasha ndani ya bahasha huhitaji nafasi, na katika handaki lile pakiti isiyozidi baiti 1,400 tu ndiyo iliyopita. Kompyuta na seva hazikulijua hilo. Kila moja ilikuwa katika waya wa kawaida, zikaahidiana vipande vilivyojaza baiti 1,500.

Mfikirie mwenye lori aliyepakia mahindi Kibaigwa hadi juu, akaenda kukutana na daraja lenye kizuizi cha kimo. Msimamizi wa daraja akimzuia, anatakiwa kumwandikia mwenye mzigo: punguza kimo, kisha urudi. Rauta nazo zina barua ya namna hiyo, na hupelekwa kwa itifaki iitwayo ICMP. Lakini rauta mojawapo ya ofisi ile ilikuwa imeamriwa kutupa barua zote za ICMP zinazopita njia hiyo isipokuwa ping, kwa kudhani kuwa huo ni usalama. Malori yakazuiwa, barua zikatupwa, na mwenye mzigo akaendelea kupeleka lori lilelile la kimo kilekile.

Hapo inaeleweka kwa nini orodha ilionekana na sauti ikakwama. Jina la faili ni kitu kidogo. Orodha fupi huingia katika pakiti ndogo na kupita. Faili la sauti la saa moja huhitaji pakiti zaidi ya 400,000 zilizojaa, na ya kwanza tu iliyojaa ilikwama. Inaeleweka pia kwa nini ping ilidanganya: ping ya kawaida ya Windows hupeleka baiti 32 za maudhui. Ilithibitisha kuwa baiskeli inapita darajani, haikusema lolote juu ya lori.

Kipimo chake ni kupeleka ping kubwa yenye amri ya kutokatwa vipande. Katika Windows huandikwa ping -f -l 1472 pamoja na anwani ya seva. Namba 1,472 ni 1,500 ukitoa baiti 28 za vichwa. Ilipokwama, tulipunguza kidogo kidogo hadi 1,372 ikapita, na 1,372 ukijumlisha 28 ni 1,400. Rauta zote mbili ziliamriwa ziwaambie wasemaji tangu salamu ya kwanza kuwa kipande cha data kisizidi baiti 1,360, na amri ya kutupa barua za ICMP ikaondolewa. Kuhusu lugha, mtengenezaji wa seva alikuwa ametoa programu mpya iliyoiwezesha kusema SMB2. Ilisakinishwa siku iliyofuata, wala si siku ileile, ili kila dawa ionekane athari yake.

6.0 Kutoka kutendeka hadi kutendwa

Kwa wasomaji wa jarida la lugha, kisa hiki kina jambo la sarufi ambalo hatukulitarajia. Malalamiko ya watumiaji katika ofisi ile yalikuwa yote katika kauli ya kutendeka: faili halifunguki, seva haipatikani, sauti haisikiki. Kauli ya kutendeka, kama ijulikanavyo, haimtaji mtenda, wala haina nafasi ya kumtaja. Tunasema "mlango haufunguki", hatusemi haufunguki na nani. Kauli ya kutendwa ndiyo inayofungua nafasi hiyo kwa kiunganishi na: mlango umefungwa na bawabu. Kazi nzima ya kutafuta chanzo ni kuitoa sentensi ya mtumiaji katika kauli ya kwanza na kuifikisha katika ya pili. "Faili halifunguki" lazima liwe ama "ombi limekataliwa na seva", ama "pakiti imetupwa na rauta", ama "seva haijaitwa na kompyuta kabisa". Maadamu mtenda hajatajwa, haifai kugusa kifaa chochote, achilia mbali kufuta diski.

Namna ya kumpata mtenda ni kuondoa watu njiani mmoja baada ya mwingine. Kompyuta iwekwe kwanza katika swichi ya seva, bila rauta. Ikishindwa hapo, rauta haina hatia. Ikiweza, seva haina hatia, na kompyuta isogezwe nyuma ya rauta ya kwanza, kisha ya pili. Jaribio hili halihitaji elimu kubwa, linahitaji mikono miwili na ngazi za kupanda, na kwa maoni yetu ndiyo sababu mafundi hulikwepa.

Baada ya hapo seva iitwe kwa namba ya anwani badala ya jina. Ikipatikana kwa namba na isipatikane kwa jina, tatizo ni la kuita majina. Windows za zamani ziliita majina kwa kupiga kelele katika chumba kizima, na rauta kwa kawaida haipitishi kelele. Dawa ni kuliandika jina la seva katika daftari la majina la ofisi, yaani DNS, si kununua rauta nyingine.

Kama hata namba haijibu, poti ya 445 ijaribiwe peke yake. Windows za sasa zina amri ya Test-NetConnection kwa kazi hiyo. Kampuni nyingi za intaneti huizuia poti hii katika njia za umma kwa sababu ya programu haribifu, nazo zina haki. Ofisi yenye majengo mawili itumie handaki. Isifungue kamwe poti ya 445 ya seva yake kwa dunia nzima. Mtumiaji aliyeunganishwa kwa mtandao wa wageni usio na waya naye atazuiwa na rauta asiione seva. Hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyoamriwa. Ukubwa wa pakiti tumekwisha kuueleza. Lugha inayozungumzwa huonekana kwa amri ya Get-SmbConnection, ambayo hutaja toleo la SMB lililokubaliwa katika kila muunganisho.

Imezoeleka kwamba ofisi ikikwama huiwasha SMB1 "kwa muda", na muda huo hauishi. Kama seva haiwezi kujifunza lugha mpya, mafaili yahamishwe kutoka humo. Kompyuta moja iwashiwe SMB1 ikiwa katika swichi ya pekee pamoja na seva, bila njia ya kutokea nje, inakili yote, kisha seva ile istaafishwe. Kuna watakaosema bei ya seva mpya ni kubwa. Ni kubwa, lakini seva ndogo ya Linux yenye Samba huweza kuundwa kwa kompyuta ya mezani iliyoachwa stoo, na lugha yake husasishwa bure.

7.0 Saa ya seva

Lipo kosa moja ambalo halimo katika bahasha wala katika lugha, na katika miji ambako umeme hukatika halifai kusahauliwa. Ofisi zenye utambulisho wa pamoja wa watumiaji hutumia itifaki ya Kerberos, ambayo kwa kawaida haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika tano kati ya mashine mbili. Ndani ya seva mna betri ndogo ya duara, aghalabu aina ya CR2032, inayoshika saa umeme unapokosekana. Betri ikifa, umeme ukikatika na kurudi, seva huamka ikiamini kuwa ni mwaka wa kutengenezwa kwake. Kila nywila sahihi hukataliwa. Wafanyakazi hubadilishiwa nywila, rauta huzimwa na kuwashwa, na seva hulaumiwa, ilhali betri hiyo huuzwa katika maduka ya saa.

8.0 Daftari

Ofisi tuliyoieleza iliweka daftari karibu na seva baada ya kisa kile, na sharti moja likaandikwa katika ukurasa wa ndani: neno mtandao lisitumike. Anayeandika hitilafu ataje kompyuta ipi, jengo lipi, alichoita, kwa jina au kwa namba, na kilichoonekana kabla ya kukwama. Fundi naye aandike alichobadili, jambo moja kwa siku. Miezi michache baadaye mwandikaji mmoja alieleza katika daftari hilo kuwa orodha ya mafaili inaonekana na faili la dakika 40 linakwama, katika jengo la mbali tu, kwa kompyuta zote. Fundi alifungua mipangilio ya rauta ya jengo hilo kabla hajaigusa seva, akakuta imepoteza baadhi ya mipangilio yake baada ya umeme kukatika, na ile amri ya baiti 1,360 haimo. Aliirudisha, kisha akaandika chini ya maelezo ya mwenzake: pakiti kubwa zilitupwa na rauta.